Hakimu na Lugha Asiyofundishwa

Kila mjadala wa Kiswahili kama lugha ya taaluma unapozuka, wapo wanaokimbilia hoja kwamba sheria, uchumi na usimamizi wa biashara ni elimu zisizofundishika ila kwa Kiingereza. Yafaa hao wavitazame vyuo vikuu vya Ufaransa. Si kwamba Mfaransa ni kigezo cha kila jambo. Wanaokumbuka alivyozitendea lugha za Afrika Magharibi watasita, na wana haki ya kusita. Ila historia yake inaonyesha kazi hasa hufanyikia wapi.

Mwaka wa 1539, Mfalme François wa Kwanza alitoa amri huko Villers-Cotterêts kwamba hukumu na hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa badala ya Kilatini. Amri hiyo husifiwa mno. Kinachosahauliwa ni kuwa vyuo viliendelea kufundisha sheria kwa Kilatini. Hakimu alitakiwa kuandika kwa lugha ambayo hakufundishiwa taaluma yake. Ilipita miaka 140. Mnamo 1679 Louis wa Kumi na Nne aliagiza vitivo viwe na maprofesa wa sheria ya Kifaransa, wafundishe kwa Kifaransa. Hapo ndipo istilahi zilipopata ukumbi wa kubishaniwa, na Kanuni ya Sheria za Kiraia ya 1804 iliikuta lugha imekwisha kuiva.

Uchumi ulilelewa humo humo, kwani tangu 1877 ulikuwa somo la lazima katika vitivo vya sheria. Taasisi za usimamizi za vyuo vikuu zilianzishwa mwaka wa 1955 na Gaston Berger, mzaliwa wa Saint-Louis, Senegali.

Mwanafunzi wa sheria wa Ufaransa huanza mapema kuchambua hukumu kwa maandishi. Hueleza kisa, hubainisha swali la kisheria, kisha hujenga hoja yake kwa sehemu mbili, kila moja ikigawika mara mbili. Ni zoezi la insha kama lilivyo la sheria. Mwenye lugha legevu hufeli hata kama vifungu amevikariri.

Hata hivyo, ngome hiyo ina nyufa. Sheria ya 1994 ilikifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia, nayo ya 2013 ikapanua milango ya kutumia lugha za kigeni. Usimamizi na uchumi vimeipita milango hiyo kwa haraka, hasa katika uzamili. Sheria imesita, maana matini zake zenyewe ni za Kifaransa.

Kenya ilikifanya Kiswahili lugha rasmi katika Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010. Tanzania, mwaka wa 2021, ilikifanya lugha ya sheria na mahakama, ilhali mihadhara ya sheria vyuoni ingali kwa Kiingereza kwa kiasi kikubwa. Nchi zote mbili zimefika 1539, 1679 bado. Idara za Kiswahili hazina haja ya kungoja amri nyingine. Ziviombe vitivo vya sheria kozi moja tu, ya uchambuzi wa hukumu kwa Kiswahili, ifundishwe na mhadhiri wa sheria na wa Kiswahili kwa pamoja. Matini hazitakosekana: mahakama za mwanzo za Tanzania zimekuwa zikiandika hukumu kwa Kiswahili kwa miongo mingi.