Kabla ya Kuongeza Presha, Jazeni Maji

Wasee, Marani hatuna bomba la mafuta, lakini petroli ya boda zetu imepitia bomba kutoka Mombasa. Hii stori ni yetu pia.

Kuongeza presha kwa bomba la zamani ni rahisi kuliko kuchimba jipya. Lakini tunajua mafuta yakitoroka: 12 Septemba 2011, Sinai, Nairobi, petroli ilivuja ikawaka, watu zaidi ya 100 wakafa. Mwaka mmoja kabla, San Bruno, Marekani, presha ilipanda, bomba la gesi la 1956 likapasuka, likaua 8. Halikuwa limewahi kupimwa kwa maji.

Nasema hivi: bomba lijazwe maji kwanza, lisukumwe kupita presha inayotakiwa, matokeo yabandikwe kwa chifu. Maji yakivuja, tunaziba. Petroli ikivuja, tunazika.