"Mengine Mtayakuta Mtandaoni"

Nimekuwa kimya kidogo, si mnajua tena, mazoezi ya kufundisha yameisha juzi na mwili bado unadai. Leo nipo geto hapa Chuno, jua la Mtwara linawaka kama limetumwa, nikaona nitoe dukuduku langu kabla halijapoa.

Kwanza nikiri kosa. Nilikuwa nafundisha Baiolojia kidato cha pili kwenye shule moja ya kata. Kipindi kikaisha mada haijaisha, nikawaambia watoto kwa kujiamini kabisa: "Mengine mtayakuta mtandaoni." Nikajiona mwalimu wa kisasa kweli kweli!

Kesho yake binti mmoja akaniletea daftari. Alinunua bando la shilingi mia tano, akaazima simu ya jirani, akanakili kurasa mbili nzima za Kiingereza kuhusu "photosynthesis". Mwandiko safi. Nikamuuliza, haya, inahusu nini? Kimya. Nikamuuliza kwa Kiswahili, mimea inapataje chakula? Jamani, akanieleza mwanzo mwisho: mwanga wa jua, maji, hewa ya ukaa, mpaka neno usanisinuru akalitaja. Alilisoma shule ya msingi! Kumbe kitu anakijua, ila zile kurasa hazikumwambia kwamba anakijua. Mia tano yake imekwenda, na aliyeipoteza ni mimi.

Sasa hoja yangu. Sisi tukikaa vijiweni tunalaumu bando na mtandao. Sawa, mtandao una shida zake, Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu wote tulionja. Lakini vitu vya bure vipo. Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. NECTA wanaweka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, unaona kabisa watoto wanakosea wapi na kwa nini. Shule Direct, aliyoianzisha Faraja Nyalandu mwaka 2013, wana notisi za sekondari. Wikipedia ya Kiswahili ipo toka 2003.

Tatizo ni kwamba notisi za sayansi za sekondari karibu zote ni za Kiingereza, na mtoto wa shule ya kata ametoka kusoma msingi yote kwa Kiswahili. Ubongo Kids wanaeleza vizuri kwa Kiswahili, ila wamelenga wadogo. Pale mtoto anapovuka kwenda sekondari, ndipo daraja linapokosekana.

Najua kuna wadau watasema Kiswahili kitawadumaza, mtihani wa taifa ni wa Kiingereza. Ndiyo, ni wa Kiingereza, na sijasema tuufute. Nasema mtoto aanzie kwenye anachokijua ndipo avuke. Nilikaa na yule binti mapumziko mawili tu, tukaandika maneno 20 ya mada ile, Kiingereza upande huu, Kiswahili upande ule. Akarudi kwenye zile kurasa zake mbili akaanza kunisomea, polepole, anasimama, anaangalia orodha, anaendelea. Wiki iliyofuata orodha ilikuwa imezunguka darasa zima, imechakaa kama noti ya mia tano ya zamani.

Na simu shuleni haziruhusiwi, kwa hiyo wa kuingia mtandaoni ni wewe mwalimu, siyo mtoto. Pakua usiku bando likiwa rahisi, chapa kurasa moja moja, beba. Hiyo kazi ni yetu, tusiwatupie watoto wa watu wenye mama anayesubiri msimu wa korosho ndio apate hela.

Pendekezo langu: kabla ya mazoezi yajayo kila mmoja wetu aandae orodha ya mada tano za somo lake. Mimi Baiolojia nimeshaanza. Wa Fizikia, Kemia na Jiografia mpo? Njooni na flashi, geto mnalijua.

Nawasilisha.