Barabara Mpya Ikifika Mlangoni, Tulinde Usingizi wa Watoto

Mwezi huu tuongee jambo ambalo kina mama wengi hulilalamikia uani lakini hawalifikishi mkutanoni: kelele za magari baada ya barabara mpya kupita karibu na nyumba.

Barabara ni neema. Mjamzito anawahishwa hospitali, mboga zinafika sokoni zikiwa mbichi, baba anarudi mapema kutoka kazini. Hatusemi barabara zisijengwe. Ila gharama yake hulipwa zaidi na wale wanaoshinda nyumbani: mama, mtoto mchanga, mgonjwa na mzee.

Tuchukue mfano wa Dar es Salaam. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha, kilomita 19.2, ili ifikie njia nane. Wengi hufikiria hasara ya waliobomolewa, na kweli ni kubwa. Lakini nyumba za mbele zikiondoka, za nyuma ndizo zinazobaki zikiitazama barabara. Kuta za majirani zilizokuwa zikizuia sauti hazipo tena. Lami nayo ikiwa nzuri, magari huongeza mwendo, na gari linapokwenda kasi matairi yake hupiga kelele kuliko injini. Ongeza breki za malori, matela matupu yanayogonga kwenye matuta, honi, na pikipiki zilizotobolewa ekzosi.

"Tumeshazoea," ndivyo tunavyojibu. Hebu tulipime neno hilo. Ni kweli unaweza kuzoea usiamke. Lakini macho hufumba, masikio hayafumbi. Lori likipita usiku, moyo wa aliyelala huweza kwenda mbio na shinikizo la damu kupanda kwa muda, hata kama asubuhi hakumbuki kitu. Basi usishangae mtoto akiamka na kisirani au akisinzia darasani.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sana sisi walezi. Katika mji wa New York, Marekani, yapo majengo marefu ya ghorofa yaliyojengwa juu ya barabara kuu yenye magari mengi. Mwaka 1973 wataalamu walitoa matokeo ya kuwapima watoto waliokuwa wakiishi humo. Wale wa ghorofa za chini, karibu na barabara, walipata taabu zaidi kutofautisha maneno yanayofanana kwa sauti kuliko wenzao wa juu, na walikuwa nyuma katika kusoma. Tatizo lilionekana zaidi kwa waliokaa humo miaka mingi. Kwa Kiswahili ni kama mtoto asiyesikia vizuri tofauti ya "pata" na "bata", au "kaa" na "taa". Mtoto aliyezoea kuzipuuza kelele huanza kupuuza na maneno. Kumbe yule tunayemwita mkaidi au mzito wa kuelewa, pengine hasikii tunachosema!

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kelele ndani ya chumba cha kulala zisizidi wastani wa desibeli 30 usiku, na darasani zisizidi 35. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika kama 60, na lori zito likipita karibu huweza kuvuka 80.

Tufanye nini nyumbani?

1. Wahamishie watoto chumba cha nyuma. Upande wa barabara uwe wa stoo, jiko au sebule.

2. Ziba mianya. Sauti hupita panapopita hewa: juu ya ukuta pasipo na dari, chini ya mlango, kwenye madirisha ya luva. Hewa ya kupoza chumba iingie kwa dirisha la nyuma. Pazia zito husaidia kidogo tu.

3. Kama uwezo upo, jengeni ukuta wa tofali usio na matundu, mrefu kiasi cha kuyaficha magari usiyaone ukiwa dirishani. Mstari mmoja wa miti au michongoma hupendeza na kupunguza vumbi, lakini kelele huzuia kidogo sana.

4. Usishindane na barabara kwa kufungulia redio zaidi. Msogelee mtoto, mtazame usoni, sema naye taratibu. Msomee kwa sauti saa ambayo magari yamepungua.

5. Mtoto asipogeuka anapoitwa, au akichelewa kusema, mpeleke apimwe masikio kabla ya kumwadhibu.

Hata hivyo, tofali zetu haziwezi kufanya kazi ya wahandisi. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi washirikishwe. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, baba zetu huuliza fidia, na ni haki yao. Lakini fidia huhesabu vyumba na minazi. Nani atahesabu usingizi? Mama, nenda ukaulize: Mitambo itafanya kazi hadi saa ngapi za usiku? Malori ya kifusi yatapita wapi? Shule na zahanati zitajengewa ukuta? Matuta yatawekwa wapi, chini ya madirisha ya nani? Andikeni barua mkiwa wengi, ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa, nanyi mbaki na nakala. Ulizeni mapema, wakati ramani ingali mezani. Kuuchora ukuta kwenye ramani ni rahisi kuliko kuuombea fedha baada ya lami kukauka.

Usiku wa leo, watoto wakishalala, kaa dakika tano kimya kando ya kitanda chao usikilize wanachokisikia wao. Kisha amueni na mwenzako ni chumba gani kitakuwa chao. Tuonane mwezi ujao.