Wimbo mtamu nao huhitaji kutangazwa

WAHENGA walituambia kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, msomaji mpendwa, nadhani wahenga hao hawakuwahi kuuza muziki. Wimbo hautundikwi mlangoni mwa duka kama leso, wala haunukii kama mahamri. Asiyeusikia hajui kwamba upo. Ndiyo maana, tangu enzi za santuri na kanda hadi leo ambapo wengi wetu husikiliza nyimbo kwa simu, wanamuziki hawajaacha kulipia nafasi katika magazeti na majarida.

Wiki hii nazungumzia jambo hili kwa sababu ya barua ya mama mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi. Mwanawe, aliyemaliza shule ya sekondari mwaka juzi, amerekodi nyimbo sita na sasa anataka tangazo la nusu ukurasa katika jarida la vijana. Pesa zinatarajiwa kutoka kwa mkopo wa chama cha akina mama. Mama ameambatisha mchoro wa tangazo lenyewe. Naam, nimeuona. Una picha saba za kijana huyo, simba mmoja, miali ya moto, magitaa mawili na majina ya watu 14 wanaoshukuriwa. Siku ya kutoka kwa albamu na mahali itakapopatikana havimo.

"Je, nimpe pesa hizo?" anauliza mama.

Kabla sijamjibu, tujiulize kwanza kazi ya tangazo la muziki ni ipi. Kumsifu mwimbaji si kazi yake, kwani sifa ni rahisi na kila mwimbaji anazo. Karatasi haina sauti. Kwa hivyo tangazo lina kazi mbili tu: kumfanya msomaji ahisi kwa macho muziki huo ni wa aina gani, na kumwonyesha njia ya kuupata. Lolote lisilosaidia mojawapo ya kazi hizo linakula nafasi ambayo imelipiwa.

Kuna mtu aliyelielewa jambo hili zamani. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba muziki wa dakika chache tu kila upande. Muziki mrefu ulihitaji santuri kadhaa, nazo zilitiwa ndani ya kitabu chenye mifuko, mfano wa kile cha kuhifadhia picha za jamaa. Hapo ndipo jina albamu lilipotoka. Majalada yake aghalabu yalikuwa ya kijivu au hudhurungi, yakiwa na maandishi tu. Mwaka wa 1940, Alex Steinweiss, mchoraji kijana wa kampuni ya Columbia nchini Marekani, aliona kwamba hayamvutii mtu. Kwa albamu ya nyimbo za Rodgers na Hart, aliwaomba wenye jumba la Imperial Theatre mjini New York wabadilishe kwa muda herufi za ubao wao wa taa ili zisomeke jina la albamu. Picha ikapigwa. Aliyeiona alijihisi yuko mlangoni mwa jumba la maonyesho, muziki ukikaribia kuanza. Hilo lilikuwa wazo moja, na lilitosha.

Labda utasema Columbia ilikuwa kampuni tajiri. Basi mtazame Reid Miles, aliyechora majalada ya kampuni ndogo ya jazi ya Blue Note miaka ya 1950 na 1960. Mara nyingi alitumia rangi nyeusi na nyingine moja tu, kwa sababu kila rangi ilikuwa gharama. Alichukua picha za Francis Wolff, akazikata mpaka ukabaki uso au mkono, kisha akayapa maandishi nafasi ya kupumua. Wachoraji wa ulimwengu mzima bado wanajifunza kutokana na kazi hizo. Uhaba wa pesa ulimlazimu kuchagua, na kuchagua ndiko kulikomjenga.

Sasa turudi nyumbani. Wanafunzi wengi siku hizi wanaweza kuchora tangazo kwa kompyuta au hata kwa simu. Hatari ni kwamba kioo cha simu hudanganya. Kioo hung'aa chenyewe, ilhali karatasi haina mwanga wake. Karatasi ya gazeti, isitoshe, hunyonya wino na kuutawanya. Herufi nyembamba nyeupe zilizowekwa juu ya rangi nyeusi hujaa wino zisisomeke. Picha ya uso mweusi iliyopigwa mbele ya pazia jeusi hutoka kama doa. Mpige mwimbaji wako palipo na mwanga mzuri, ukuta wa nyuma uwe mweupe au wa rangi hafifu, na maandishi yawe manene.

Kwa majarida ya karatasi nyororo, wachapishaji kwa kawaida hutaka picha yenye nukta 300 kwa kila inchi. Ukurasa mzima wa A4 huhitaji picha ya nukta 2,480 kwa 3,508. Picha uliyotumiwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imepunguzwa, kwa hivyo mwombe aliyeipiga akupe ile ya asili. Na iwapo rangi inafika ukingoni mwa ukurasa, izidishe takriban milimita 3 kila upande, la sivyo kisu cha kiwandani kitakuachia mstari mweupe.

Jambo jingine ni haki za wenyewe. Yule simba alitoka wapi? Ikiwa aliokotwa kwenye intaneti, ana mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 hulinda picha kama inavyolinda nyimbo. Msanii anayelia kwamba nyimbo zake zinaibwa hawezi kuanza safari yake kwa kuiba picha ya mwenzake. Pata idhini, tena kwa maandishi.

Basi nimjibu mama yetu. Mama, usimvunje kijana moyo, lakini usimpe pesa za nusu ukurasa. Mkopo wa chama hulipwa hata albamu isiponunuliwa. Kopa kiasi ambacho ungeweza kulipa kutoka mfukoni mwako hata asipouza nakala moja. Mwambie achague picha moja kati ya zile saba, na wimbo mmoja kati ya sita wa kuubeba mzigo. Simba na moto waende zao. Wale 14 awashukuru ndani ya albamu au ana kwa ana. Kisha ulizeni bei ya robo ukurasa. Kwa maoni yangu, tangazo dogo linalotokea mara kadhaa hukumbukwa kuliko kubwa linaloonekana siku moja likafungiwa maandazi kesho yake. Wala lisitoke kabla ya nyimbo kupatikana, kwani msomaji akizitafuta akazikosa, hatazitafuta tena.

Nawe msomaji uliye na tangazo lako mezani, lichapishe kwa karatasi ya kawaida, kwa ukubwa uleule litakaotokea nao. Mwonyeshe jirani asiyekujua sana, hesabu hadi tatu, kisha lifunike. Muulize mambo matatu: ni nani anayeimba, ni muziki wa aina gani, na utapatikana wapi? Akijibu yote, peleka pesa. Akisema tu kwamba linapendeza, rudi ukapunguze.