Asiyechagua tarakilishi ndiye apataye koroma

Wahenga walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Sina ugomvi na wahenga, lakini katika biashara ya tarakilishi zilizotumika, ambayo imeshamiri katika miji yetu ya Kisii, Keroka na Nyamira, methali hiyo imesimama kichwa chini miguu juu. Humo, asiyechagua ndiye anayebebeshwa koroma, tena kwa bei ya nazi pevu.

Jambo hili si dogo kama linavyoweza kudhaniwa. Tangu Januari 2023, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia gredi ya 7, mzazi wa mashambani amejikuta akiletewa orodha ya kazi zinazopaswa kutafutwa katika intaneti na kupigwa chapa. Mtoto wa Ikonge au Magombo hulazimika kufunga safari hadi sokoni jioni, alipie dakika katika duka la intaneti, kisha arejee nyumbani giza likiwa limeingia.

Ndiposa mzazi huyo, apokeapo bonasi ya majani chai kutoka kiwanda cha Sanganyi, Kebirigo, Nyansiongo au Ogembo, huamua kutenga fungu la kuwanunulia watoto tarakilishi ya nyumbani. Uamuzi huo ni wa busara, nami naupongeza. Hofu yangu ni kwamba bonasi kuu huja mara moja kwa mwaka, ilhali tarakilishi mbovu huweza kukata roho kabla ya bonasi nyingine kulipwa.

Aghalabu mnunuzi huonyeshwa seti kamili: kasha, kiwambo, kibodi na kipanya, vyote vimepangwa mezani na kupanguswa vikang'aa. Huambiwa kwamba ni Core i5, kwamba imetoka Uingereza, na kwamba ina Windows mpya. Haambiwi kasha hilo lina nini tumboni. Jirani yangu mmoja alinunua seti ya namna hiyo katika duka ambalo sitalitaja. Ilifanya kazi kwa majuma sita. Mvua za alasiri zilipoanza, stima ikawa inapotea na kurudi. Siku moja iliporudi, mashine haikurudi nayo. Fundi alipoifungua alikuta kisanduku cha kugawa umeme kimeungua, na diski kongwe ambayo tayari ilikuwa na kasoro.

Maoni yangu ni haya: mwenye pesa kidogo asianze kuchagua tarakilishi kwa kuangalia kiwambo. Aanzie ukutani, penye soketi, kisha aende mbele hatua kwa hatua, na kiwambo kiwe cha mwisho.

Kwa nini ukutani? Kisii na Nyamira ziko katika nyanda za juu za bonde la Ziwa Victoria, eneo linalojulikana duniani kwa wingi wa radi. Isitoshe, nyumba nyingi vijijini zilipata umeme baada ya 2015 tu, serikali ilipoanzisha mradi wa Last Mile na kupunguza ada ya kuunganishiwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Mradi huo ulileta nuru ya kweli. Hata hivyo, nyaya zinazopanda vilima na kupita juu ya migomba hupata misukosuko ambayo mashine iliyotengenezewa ofisi ya London haikuizoea. Kwa hivyo, katika kila shilingi kumi alizo nazo mnunuzi, ningependa takriban mbili ziende kwa UPS, yaani betri inayoipa mashine dakika chache za kuzimwa kwa utaratibu stima inapopotea, na ambayo hupunguza makali ya umeme unaopanda ghafla. Asidanganywe na yeyote kwamba kifaa hicho kitazuia radi. Mawingu yakitanda, achomoe waya ukutani, na ule wa intaneti vilevile. Tena amwite fundi wa umeme ahakikishe kwamba waya wa ardhini wa nyumba yake umezikwa kweli.

Hatua ya pili ni kile kisanduku cha kugawa umeme kilicho nyuma ya kasha. Baadhi ya mashine za zamani huwa na swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani huenda ikawa imewekwa kwenye 115, na ikichomekwa katika umeme wetu wa volti 240 kabla ya swichi kugeuzwa, hulipuka papo hapo. Kuitazama swichi hiyo hakugharimu hata senti.

Fauka ya hayo, mashine nyingi za Dell, HP na Lenovo zilizotoka maofisini hutumia visanduku vya umeme vyenye umbo na plagi za pekee, hivi kwamba cha HP hakiingii katika Dell. Anayenunua kasha jembamba la aina adimu kwa sababu linapendeza mezani anajitafutia mashaka. Ni heri achague kasha kubwa la kusimama, la aina ambayo imejaa mjini, maana zilizokufa ndizo zitakazotoa vipuri vya kuponya zilizo hai. Na kabla ya kulipa amuulize mwuzaji: kisanduku hiki kikiungua leo, kingine nitakipata wapi? Akijibiwa kwamba lazima kiagizwe kutoka Luthuli Avenue jijini Nairobi, takriban kilomita 300 kutoka Kisii, basi na atafute mashine nyingine.

Hatua ya tatu ni ghala na meza. Diski ni ghala, mahali kazi inapohifadhiwa. RAM ni meza ambayo kazi hutandazwa inapofanywa. Diski za zamani huwa na sahani zinazozunguka, na sahani hizo haziupendi mtikiso wa matatu wala kukatika kwa stima ghafla. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na huifanya hata mashine ya makamo iamke upesi. Kwa mwanafunzi, SSD ya gigabaiti 256 inatosha. RAM isipungue gigabaiti 8, na mnunuzi ahakikishe kwamba pamebaki nafasi tupu ya kuongeza nyingine baadaye. Ajue pia kwamba RAM ya DDR3 haiingii katika mashine ya DDR4. Bei ya RAM ilipanda kote duniani mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza nguvu zao katika mitambo ya akili unde. Kwa hivyo mashine iliyo na RAM ya kutosha tangu dukani huwa nafuu kuliko ile ya kwenda kujaziwa.

Hatua ya nne ni prosesa, ambayo ndiyo ubongo. Hapa ndipo hadaa ilipo nyingi zaidi. Neno i5 peke yake halina maana kubwa. Kinachohesabika ni kizazi, nacho husomeka katika tarakimu zinazofuata. Prosesa ya i5-4570 ni ya kizazi cha 4, i5-8500 ni ya kizazi cha 8, na i5-10400 ni ya kizazi cha 10. Prosesa ya i3-8100, ambayo wengi huidharau kwa sababu ya ile 3, huishinda i5-4570 kwa kasi. Mnunuzi aombe mashine iwashwe, jina kamili lionekane kwenye kiwambo, wala asiuamini ubandiko ulio nje ya kasha.

Tofauti ya kizazi si ya kasi pekee. Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyotolewa 2021, kwa jumla hukubali prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda mbele. Ofisi za Ulaya na Marekani zimekuwa na sababu ya kuondoa mashine za vizazi vya nyuma, na vinavyoondolewa huko ndivyo vinavyouzwa huku. Wapo mafundi wanaoweza kuilazimisha Windows 11 katika mashine isiyostahili, lakini Microsoft haitoi hakikisho lolote kwa mashine kama hiyo. Simaanishi kwamba mashine ya kizazi cha 4 ni takataka. Inaweza kuwekewa Ubuntu, mfumo uliotolewa 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, au Linux Mint, yote bila malipo, nayo ikamwandikia mtoto insha zake vizuri. Ninachodai ni kwamba iuzwe kwa bei ya uzee wake.

Baada ya hayo yote ndipo kiwambo kichaguliwe. Chochote kisicho na mistari wala madoa, na kinachopokea waya ule ule unaotoka katika kasha, kinafaa. Kadi ya picha ya pekee, taa za rangi na kibodi inayometameta ni mapambo ya wenye nacho. Usisafirie nyota ya mwenzio.

Wapo watakaoniuliza kwa nini nisimshauri mzazi anunue kipakatalishi, ambacho kina betri yake na hubebeka. Hoja yao ina uzito, hasa kwa mwanafunzi wa chuo anayehamahama. Lakini katika kipakatalishi, kioo kikivunjika au bodi ikiharibika, gharama hukaribia bei ya kifaa kizima, ilhali tarakilishi ya mezani hutengenezwa kipuri kimoja kimoja kadiri mfuko unavyoruhusu. Hukaa sebuleni mzazi akaiona, na watoto wanne wakaitumia kwa zamu.

Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, mama anayenunua sweta ya mtumba huigeuza ndani nje, akavuta mshono, akaiinua kwenye mwanga atafute matundu. Hakuna mwuzaji anayekasirika. Mbona basi mama huyo huyo aone haya kumwambia mwenye duka la tarakilishi afungue kasha? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya kulinda watumiaji bidhaa ilipitishwa 2012. Haki hiyo huanza kutumika pale mnunuzi anapodai risiti iliyoandikwa jina la prosesa, kiasi cha RAM, aina ya diski na muda wa dhamana. Mwenye duka akikataa kuandika, hilo ndilo jibu.

Serikali za kaunti za Kisii na Nyamira nazo zina wajibu. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwao kwa mujibu wa Katiba. Zikifundisha vijana kufungua, kupima na kutengeneza mashine hizi, kila soko litapata fundi ambaye mzazi anaweza kwenda naye dukani kwa ada ndogo. Hadi siku hiyo ifike, kila mzazi na aende na orodha yake mkononi: umeme, kisanduku, diski, RAM, prosesa, na kiwambo mwisho. Pesa za chai hupatikana kwa migongo iliyopinda mashambani tangu alfajiri. Hazistahili kuishia katika kasha ambalo hakuna aliyelifungua.