Kabla ya kutia fedha kwenye muziki, uliza nani mwenye wimbo

Mfanyabiashara wa mahindi hapa Kalenga anajua tofauti kati ya kuuza gunia na kuuza shamba. Gunia likiondoka, msimu ujao lipo jingine. Shamba likiondoka, mwenyewe anabaki kibarua. Lakini mtu huyo huyo akiombwa kumdhamini mwanamuziki kijana wa Iringa au Mbeya, huuliza wimbo utaingiza kiasi gani, haulizi wimbo ni wa nani. Kwa maoni ya ukurasa huu, fedha ziko kwenye swali hilo la pili.

Tuangalie hesabu za Motown ya Marekani. Berry Gordy aliianzisha mjini Detroit mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka mfuko wa akiba wa familia yake, mfano wa vikoba vyetu. Mwaka 1988 aliiuza kwa kampuni ya MCA na wabia wake kwa dola milioni 61. Mwaka 1993 wanunuzi hao waliiuza kwa PolyGram kwa zaidi ya dola milioni 300. Miaka mitano tu, na nyimbo zenye thamani zilikuwa zile zile za zamani.

Hata hivyo Gordy hakuuza kila kitu. Wimbo mmoja una mashamba mawili: haki ya rekodi na haki ya utunzi. Haki za utunzi alizibakiza katika kampuni yake nyingine, Jobete. Baadaye aliiuzia EMI kwa awamu tatu, mwaka 1997, 2003 na 2004, akapata jumla ya zaidi ya dola milioni 320. Shamba alilobakiza lilimlipa zaidi ya mara tano ya lile alilouza kwanza.

PolyGram hiyo si mgeni kwetu. Ilikuwa na kampuni tanzu Nairobi, iliyowarekodi Simba Wanyika, bendi ya ndugu Wilson na George Kinyonga waliotoka Tanga. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo wanamuziki wetu walivuka mpaka kurekodi, mpaka uliokuja kufungwa mwaka 1977. Miaka ya 1980 kaseti za wizi zikaua soko la santuri Kenya. Hata hivyo, mwaka 1998 Seagram ya Canada, iliyojulikana kwa pombe kali, iliinunua PolyGram yote kwa zaidi ya dola bilioni 10 na kuiunganisha na Universal. Fedha nyingi namna hiyo hazitolewi kwa ajili ya santuri zilizolala ghalani. Muziki ulionunuliwa pale ulikuwa haki.

Somo hilo limefika nyumbani. Mwaka 2019 Harmonize alipoondoka WCB Wasafi, alisema hadharani kuwa alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. Tusikimbilie kuilaumu lebo. Anayegharimia studio, video na matangazo hubeba hasara ya nyimbo zisizouzika, na ni haki yake kurudisha mtaji na faida juu. Tatizo ni mkataba unaosainiwa na kijana mwenye njaa, bila mwanasheria, wakati wimbo bado hauna bei.

Kwa mwekezaji mdogo, njia ya salama ni ile anayoijua tayari: kukodi shamba. Toa mtaji, chukua asilimia ya mapato ya rekodi kwa miaka iliyoandikwa, kisha haki zirudi kwa msanii. Mkataba utaje rekodi ni ya nani, utunzi ni wa nani, na muda unaisha lini. Kazi isajiliwe COSOTA, ofisi iliyotokana na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Msanii anayekataa kuandikishana asipewe hata senti.

Na kwa msanii, ushauri ni mmoja. Shida ya kodi ya nyumba ni ya mwezi mmoja, lakini haki ya utunzi kwa sheria zetu hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Anayekupa fedha za kodi ili umpe haki hiyo moja kwa moja, anajua hesabu kuliko wewe.