Rubani Yupo

Kila anayesikiliza taarifa ya habari kwa Kiswahili, awe Muscat, London au Minneapolis, ameshaizoea sentensi hii: ndege isiyo na rubani imeua watu kadhaa. Imesomwa mara nyingi mno hata hatuisikii tena. Ninadai kwamba sentensi hiyo ni ya uongo, kwamba uongo wake umo katika jina lenyewe, na kwamba sisi tunaoandika, kutafsiri na kufundisha lugha hii tumeshiriki kuueneza.

Tuanze na neno rubani. Limetufikia kutoka Kiarabu, na kabla ya kupanda angani lilikuwa neno la bahari. Rubani ndiye aliyeijua miamba na mikondo, akakiongoza chombo mpaka bandarini; chombo kikipanda mwamba, yeye ndiye aliyeulizwa. Neno lilibeba ustadi na dhima kwa pamoja. Basi tunaposema kwamba chombo hakina rubani, msikilizaji haelewi tu kwamba kiti cha mbele ki kitupu. Anaelewa pia kwamba hakuna wa kuulizwa.

Lakini rubani yupo. Ndege aina ya Reaper huendeshwa na watu wawili, mmoja akiirusha na mwingine akisimamia kamera na vihisi. Wa Marekani wameketi, miongoni mwa kwingineko, katika kambi ya Creech jangwani Nevada, si mbali na Las Vegas. Wa Uingereza wamefanya kazi hiyo katika kambi ya Waddington, Lincolnshire, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka kwa wasomaji wengi wa jarida hili. Zamu ikimalizika, wanarudi nyumbani kwa wake, waume na watoto wao. Huko Ukraine rubani yu karibu zaidi: amejificha handakini au katika chumba cha chini ya nyumba, kavaa miwani ya video, anaona kila inachokiona droni yake mpaka picha inapokatika. Anaweza kuuona uso wa anayemwua. Huyo ndiye tunayesema hayupo.

Sarufi yetu ilikuwa imetuonya. Kiswahili kina ndege wawili. Mwenye uhai tunasema ameruka. Chombo tunasema imeruka. Mzungumzaji hata wa miaka minne hutofautisha kwa upatanisho kati ya kilicho na nafsi na kisicho nayo. Chombo kisicho na nafsi hakikusudii kitu. Hata hivyo tunakipa kitenzi kizito kuliko vyote, kuua, kisha tunakiacha peke yake katika sentensi, bila mtendaji mwingine.

Sasa tutazame neno la pili, ambalo kosa lake ni la namna nyingine. Bomu lililoundwa na waasi na kufukiwa barabarani tunaliita bomu la kienyeji, au lililotengenezwa kienyeji. Ni neno lile lile la kuku wa kienyeji, dawa ya kienyeji na pombe ya kienyeji. Lina historia yake: ndilo lililotumika kutenga cha mwenyeji na cha mgeni, na cha mgeni kikadhaniwa kuwa safi, kilichopimwa, halali. Kulibandika kwenye bomu ni kusema kwamba kuna mauaji ya kishenzi na mauaji ya kistaarabu, na kwamba tofauti yake iko kiwandani.

Ukweli wa vita unaikataa tofauti hiyo. Baada ya uvamizi wa Iraki mwaka 2003, maghala ya silaha yaliachwa bila ulinzi, na mengi ya mabomu yaliyotegwa barabarani yalikuwa makombora ya mizinga ya kiwandani yaliyofungwa waya na simu. Mwaka 2016 na 2017, huko Mosul, wapiganaji wa kundi la Dola la Kiislamu walichukua droni ndogo zinazouzwa madukani wakazitumia kudondosha maguruneti. Leo majeshi ya dola mbili, Ukraine na Urusi, hufunga kwa tepu kichwa cha kombora la RPG-7, silaha ya Kisovieti ya mwaka 1961, chini ya droni ya bei ya dola mia chache. Je, hiyo ni ya kisasa au ya kienyeji? Kiswahili kina neno la haki kwa vyote hivyo: ni silaha za kuungaunga, na waungaji wake wamo katika kila jeshi.

Yako mahali ambapo maneno haya mawili yalikutana na kuua. Tarehe 29 Agosti 2021, mjini Kabul, waendeshaji wa Kimarekani walilifuata gari moja jeupe kwa muda wa saa nane hivi. Walikuwa wakiogopa bomu la kutegwa garini. Vyombo vilivyopakiwa wakadhani ni vilipuzi; vilikuwa vya maji. Kombora lilipofika liliua raia 10, na 7 kati yao walikuwa watoto. Mkuu wa majeshi ya Marekani kwanza alilitaja kuwa shambulio la haki. Tarehe 17 Septemba jeshi lilikiri kosa, na Desemba likatangaza kwamba hakuna atakayeadhibiwa. Hofu ya bomu la kienyeji ilifyatua kombora la ndege isiyo na rubani, na kwa kuwa ndege haikuwa na rubani, hapakuwa na wa kuhukumiwa. Siwezi kusema kwamba jina ndilo lililosababisha uamuzi ule. Ninasema kwamba jina letu linauandalia kiti.

Karibu na kwetu, tarehe 1 Aprili 2018, shambulio la Marekani karibu na El Buur, Somalia, liliua mama na mtoto wake. Jeshi lilichukua mwaka mzima kukiri kwamba waliokufa walikuwa raia. Na katika bahari wanayoijua wasomaji wetu wa Oman, mwishoni mwa Julai 2021, droni iliipiga meli ya mafuta Mercer Street ikaua watu wawili, mmoja wao nahodha Mromania. Iran ilishutumiwa, ikakana. Nahodha alikufa akiwa chomboni mwake. Aliyeipangia droni ile njia hajasimama mbele ya mtu yeyote.

Nitajibiwa kwamba zipo silaha ambazo kweli hazina mwongozaji, zinazoruka zenyewe hadi mahali zilipoelekezwa, na kwamba kompyuta zimeanza kuchagua shabaha. Aliyeziandikia mahali pa kwenda ana jina, na aliyeziruhusu kuchagua ana cheo. Kadiri mashine inavyopewa uhuru, ndivyo tunavyohitaji zaidi lugha isiyomsahau aliyeutoa.

Nitajibiwa pia kwamba ninatetea magaidi. La hasha. Waliotega vilipuzi katika barabara za Mandera, Garissa na Lamu wamewaua askari na abiria, nao wanastahili kutajwa kwa matendo yao. Tena tunawataja: neno magaidi hutangulia hata kabla uchunguzi haujaanza. Ninachodai ni kwamba sarufi hiyo hiyo imhusu na aliyeketi Nevada. Mtendaji asiwe nomino kwa maskini na ukimya kwa mwenye nguvu.

Pendekezo langu ni dogo. Tuliache jina ndege isiyo na rubani. Droni linatosha, ni neno la kukopa, lakini halidanganyi. Atakaye maneno yetu wenyewe aseme ndege ya rubani wa mbali. Bomu la kienyeji liwe bomu la kuungaunga. Na kitenzi kuua kipewe mwenyewe: jeshi fulani limeua kwa droni, kundi fulani limeua kwa kilipuzi. Pale asipojulikana, tuandike kwamba hajajulikana, ili swali libaki wazi.

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tumezunguka vya kutosha juu ya sitaha ya maneno. Tuteremke ngamani, alipo mtu, tumwulize.